Kiti cha Nuksi

Hapa Parma, ubavuni mwa jiji la Cleveland, Marekani, kila nyumba ina mtu wake wa nuksi. Ndiye ambaye akitoka sebuleni timu inapata pointi, na akirudi tu mambo yanaharibika. Ikishathibitika, umekwisha. Mechi ikibana unafukuzwa, hata kama nyumba ni yako.

Kwa jirani yangu Leonard Hruska, nuksi alikuwa mkewe, Lida. Kila mwaka majani yakianza kupukutika, besiboli ikifika kwenye mtoano na futiboli yetu hii ya kukumbatia mpira na kuangushana ikipamba moto, ungemsikia Leonard akiita kutoka kwenye kochi: "Lida, mama, tuokoe." Lida anacheka, anachukua ufumaji wake, anakwenda kukaa kwenye banda la gari, katika kiti cha kukunja kilichokaa kati ya friji ya bia na mashine ya kukatia nyasi. Lango la banda huliacha wazi, nami namwona kutoka jikoni kwangu. Mara moja moja nilivuka na kahawa. Sikuvuka sana, maana nilikuwa na mechi yangu ya kutazama, na tena mimi si mtu wa soga.

Lida alifariki mwezi wa Aprili.

Ijumaa moja, msimu ulipofika tena, tulikuwa tunakusanya majani, mimi na Leonard, kila mtu upande wake wa uzio. Aliniambia nyumba imenyamaza mpaka anaisikia friji ikinguruma. Binti yake Joanie na mumewe Kurt walikuwa wameahidi kuja na rafiki zao, Jumamosi kwa besiboli na Jumapili kwa futiboli. Alikwisha kununua soseji za kulisha kikosi.

"Timu ikishinda, watarudi wiki ijayo," alisema. "Ikishindwa, nani atarudi kutazama huzuni?"

Nikamwambia basi amechagua mji mbaya wa kuishi. Kombe la besiboli mara ya mwisho tulilichukua kabla mimi sijazaliwa, na mimi si msichana.

Jumamosi walijaa, nami nikiwemo. Joanie alikaanga pirogi, zile kama sambusa za viazi, kwa vitunguu kama mama yake, akaziunguza kidogo, tukala zote. Mchezo ukaenda mpaka raundi ya nane kati ya tisa, tuko nyuma kwa pointi mbili. Leonard akatoka kufuata bia bandani. Hajafunga hata mlango wa friji, kijana wetu akaupiga mpira ukapita juu ya ukuta, tukapata tatu kwa mpigo. Kurt akachungulia kutoka mlango wa jikoni.

"Baba mkwe, usisogee hapo."

"Nikae wapi sasa?"

"Si kuna kiti cha mama?"

Leonard akakitazama kile kiti, kisha akakaa. Tulishinda. Walitoka mbio wote, wakamwinua na kiti chake, wakammwagia bia kichwani. Nilimsikia akicheka, na sikuwa nimesikia cheko lake tangu msiba. Niliona raha, sitaficha.

Jumapili hawakuhitaji kumwambia. Kipindi cha pili kilipoanza alivaa koti akatoka mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye televisheni yangu, na kwa muda niliamini, maana mjinga haishi kuamini. Tulikuwa mbele. Halafu mwishoni kabisa mbebaji wetu wa mpira akauangusha kutoka mikononi mwake mwenyewe, pale pale ambapo hata shangazi yangu angeushika. Wapinzani wakauokota, wakakimbia nao, wakashinda. Nilitukana mpaka paka akahama chumba.

Nikatoka kupeleka mapipa ya taka barabarani. Magari mbele ya nyumba ya Leonard yalikuwa yameondoka, sebule giza. Joanie aliniambia baadaye kwamba alidhani baba yake ameaga na kwenda kulala kwa hasira, na Kurt alidhani Joanie ndiye aliyemuaga. Walitokea mlango wa mbele.

Leonard alikuwa bandani, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Wanda, bado dakika ngapi?"

"Imeisha, Leonard."

"Lini?"

"Kitambo. Tumepigwa."

Akaugeukia mlango wa jikoni. "Nilisikia makelele. Nikadhani ni ya furaha."

"Ukiwa hapa huwezi kujua."

Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimwona akikilalia. Alikaa akipapasa mkono wa kile kiti, mahali Lida alipofunga kitambaa kwa sababu chuma cha kiti kilikuwa kinamgandisha.

"Lida alikuwa anajuaje mechi imeisha?"

Ningeweza kumdanganya. Nimemfahamu muda mrefu mno.

"Mkishinda, ulikuwa unakuja kumwita."

"Na tukishindwa?"

Sote wawili tunajua mji huu umeshindwa mara ngapi.

"Alikuwa anangoja mpaka baridi imzidi," nilisema. "Kisha anaingia mwenyewe."

Nilimwambia twende ndani nimpashie soseji moto, zimebaki tele. Akatikisa kichwa.

"Acha nikae kidogo."

Basi nikapindua ndoo, nikakaa pembeni yake. Tuliingia baridi ilipotuzidi.