Mita Kumi na Mbili za Mto Rewa

Jumatatu ile jua lilikuwa likiwaka hasa pale programu ya ofisi ya mto, huko mjini Nausori, ilipotangaza kwamba mto Rewa umepanda mita kumi na mbili na ushei. Watu wa vijiji vya chini walibeba mikeka, watoto na nguruwe wakakimbilia kilimani, wakashinda huko wakiutazama mto uliotulia tuli. Kufika Jumatano, mkuu wa ofisi, Bwana Pillay, alishaandika barua ya kumwachisha kazi Sireli. Sireli ndiye aliyeigusa programu mara ya mwisho, na bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio.

Programu yenyewe ilikuwa ya Mereseini, mwanamke wa visiwa vya Lau asiyependa kuharakishwa. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C miaka kumi na moja iliyopita, na hadi leo anaihudumia kwa kuchapa amri kwenye skrini nyeusi. Mambo ya kubofyabofya picha hayataki. Alimwomba Bwana Pillay ampe asubuhi moja kabla barua haijatoka. Si kwamba alimwonea Sireli huruma sana. Ukoo wake na ule wa Sireli wa Savusavu ni watani, na watani hawana kazi ya kuoneana huruma. Kilichomkosesha usingizi ni ile namba. Vituo saba vya kupima maji, na vyote vinasoma kumi na mbili na kitu. Mto gani huo unaopanda sawasawa kutoka milimani hadi baharini?

"Nyinyi wa Savusavu mkipewa kikombe mnatafuta mlango wake," alimwambia Sireli. "Hebu nieleze tena ulichofanya."

"Nimekueleza mara nne, bibi wa Lau. Ya tano nitakuchorea."

Akaeleza hata hivyo. Kuna faili moja linalosema taarifa za kila kituo zipangweje. Humo aliongeza nafasi ya betri ya kituo, kabla tu ya nafasi ya kimo cha maji. Kisha akachapa make, amri inayoyakompaili upya, yaani kuyageuza kuwa lugha ya mashine, mafaili yaliyoguswa na badiliko, na kuyaunga yote yawe programu moja. Kompaila haikulalamika hata kidogo. Mereseini alisoma mistari ya Sireli mmoja mmoja, hakuona kosa, na hilo likamuudhi kwa sababu alitamani kuliona.

Akafungua gdb, chombo cha kuisimamisha programu ikiwa katikati ya kazi ili uichungulie. Kwenye sehemu inayosoma vituo, kimo kilikuwa mita moja nukta nne. Akasogea hatua chache hadi sehemu inayotoa onyo: kumi na mbili nukta sita. Akauliza kila sehemu inatazama wapi kwenye kumbukumbu ya mashine. Taarifa ni ileile, mahali ni palepale. Mereseini alicheka peke yake, maana sasa jambo lilikuwa tamu.

"Sireli, kitu gani kule mtoni ni kumi na mbili nukta sita?"

Sireli aliacha kutafuna chapati yake ya roti. "Betri," alisema polepole. "Za vituo vyote ni volti kumi na mbili."

Kumbe sehemu ya onyo ilikuwa ikisoma betri na kuziita maji, kwa kuwa bado ilifuata mpango wa zamani, ambamo mahali pale palikuwa pa kimo cha maji. Sireli alipokwenda kutia chai, Mereseini aliorodhesha mafaili yaliyokwisha kukompailiwa pamoja na tarehe zake. Yote yalikuwa ya wiki iliyopita, isipokuwa lile la onyo. Lilikuwa la Machi, mwaka juzi. Akafungua maagizo ya make. Kila mstari ulisema: mpango wa taarifa ukibadilika, faili hili likompailiwe upya. Mstari wa onyo haukuwa na neno hilo. Mstari huo aliuandika yeye, kwa mkono wake.

Masikio yalimwaka moto. Amri moja tu ingekompaili kila kitu upya na tarehe ya Machi ingefutika. Ule mstari angeurekebisha kimyakimya, na ofisi nzima ingesema Mereseini ameponya kosa la mgeni. Alishaichapa amri yenyewe, imebaki kubonyeza.

Akamwita Bwana Pillay, akamwonyesha tarehe, kisha mstari. Bwana Pillay alishusha pumzi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wakubwa wa makao makuu, Suva, wanataka jina la mkosaji, na kwamba yeye Mereseini amebakiza miaka mitatu astaafu. Atengeneze tu, yaishe. Sireli atapata kazi kwingine.

"Nikibonyeza hapa ushahidi unapotea, na baba wa watoto wawili anamwaga unga kwa kosa langu," Mereseini alisema. "Andika jina langu kwanza, bwana."

Sireli alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili, amesikia yote. Bwana Pillay alizitazama tarehe mara ya pili. Akaikunja ile barua akaitia mfukoni, akavuta ripoti ya kupeleka Suva na kuliandika jina la Mereseini taratibu, herufi kwa herufi. Mereseini aliisoma kichwachini kutoka upande wake wa meza, na aibu ilimchoma kwelikweli.

Bwana Pillay aliposhusha kalamu, Mereseini akabonyeza. Sehemu ya onyo sasa ilisoma maji: mita moja nukta nne.