Bunduki Niliyoifuta Jina

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha, Sumbawanga, sikushika bunduki. Mkuu wa Ghala alinipa tupa, chuma chenye meno cha kusagia chuma kingine. "Fundi wa silaha anaanza na hii," alisema. Siku hiyohiyo nilijikata kidole gumba, na hadi leo hakikunjiki sawasawa.

Enzi hizo wananchi walisalimisha silaha za kurithi, nasi tukazigonga namba ya ghala. Mkuu alikuwa na msemo wake: "Chuma hakina mabwana wawili." Kwa hiyo alama ya zamani tuliisaga kwanza. Nilihamishiwa Mpanda, nikarudi mimi ndiye mkuu, na msemo ule nikawarithisha vijana. Nilijigamba kwamba hakuna bunduki nisiyoitambua.

Mwaka huu, nikiwa mstaafu hapa Milanzi, niliitwa na Bi Skola, mtunza chumba kidogo cha makumbusho mjini.

"Shikamoo, mzee. Hii ilitoka ghalani kwenu, imenishinda. Nataka kuiandikia kibao."

"Marahaba. Si gobore tu hilo, la kushindilia baruti mdomoni?" Nilisema kabla sijavaa miwani.

Nilipoishika niliona aibu. Ilikuwa na magazini, kisanduku cha risasi ambacho gobore halina. Basi ni raifoli ya vita vya Wajerumani na Waingereza, nikasema. Lakini raifoli za vita vile, askari alivuta komeo kwa mkono kila risasi, na hii haikuwa na mkono wa kuvuta. Chini ya mtutu kulikuwa na bomba jembamba la kurudisha nguvu ya baruti nyuma, ili bunduki ijipakie yenyewe. Bunduki za namna hiyo wakati ule zilikuwa bado za majaribio, tena chache mno. Ilifikaje Ufipa? Ya Mjerumani? Mwingereza? Mbelgiji? Niliigeuza na kuigeuza, kichwa kikaniuma.

"Jina la kiwanda hukaa hapa juu, penye chumba cha risasi," nilimwambia. "Tusome, yaishe."

Palikuwa pamesagwa laini, pakagongwa namba yetu. Tarakimu 7 ilikuwa imelala upande. "Saba zangu zote hulala hivi, kwa sababu ya kidole hiki kibovu," nilimwambia.

"Kumbe ni wewe, mzee! Basi unakumbuka paliandikwa nini?"

Nilimkumbuka mkulima wa Kaoze aliyeileta ndani ya gunia la ulezi. Babu yake alikuwa mpagazi vitani. "Usifute hayo maandishi, mwanangu," aliniomba. "Babu alisema ndiyo jina la bunduki hii." Nilimjibu kwa msemo wa mkuu. Maandishi yenyewe sikuyasoma.

Tangu siku hiyo ya makumbusho sijielewi. Nilitii, nikasifiwa, nikapandishwa cheo, na sasa sijui nilifuta mangapi mengine. Namwonea huruma yule mkulima, na najionea haya.

Bi Skola aliandika: Bunduki ya majaribio, ya vitani. Mtengenezaji hajulikani.

"Ongeza kwamba jina lilisagwa na mimi, fundi Kalolo," nilimwambia.

"Mzee, watu watakucheka."

"Wacha wacheke. Kwenye chuma hiki ndilo jina pekee tunalolijua."