Kitanda Kisicho na Serumu

Huku kwetu Kisangani, mtu anayekuja kuona mgonjwa haanzi kwa kumwangalia mgonjwa. Anaanza kwa kuangalia juu. Akiona chupa ya maji imetundikwa kwenye chuma, na mpira wake unashuka mpaka mkononi, anashusha roho, anaweka sufuria yake chini, anaanza salamu. Akikuta hapo juu hakuna kitu, anawageukia ndugu: “Serumu yake iko wapi?” Anauliza kama mtu aliyekuta mtoto hajavishwa nguo.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya, Mangobo. Swali hilo nimelijibu mpaka nimelichoka.

Serumu ina kazi yake, sikatai. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yakaingia ndani, mama aliyepoteza damu akijifungua, hao huwezi kuwaacha bila. Lakini kwetu serumu imekuwa heshima. Familia inachanga, feza inapatikana kwa taabu, na feza hiyo lazima ionekane. Kidonge kinamezwa, kinapotea tumboni, nani atajua kama ulinunua? Chupa inatundikwa, jirani anaiona, tantine, shangazi yako, anaiona, hata yule aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda kingine anaiona. Mgonjwa mwenye serumu ana watu wake. Asiye nayo, watasema ametupwa.

Kwa muda mrefu na sisi tulitundika tu. Malaria ndogo, serumu. Kichwa, serumu. Uchovu wa mtu aliyetoka shambani, serumu yenye vitamini za rangi ya njano, ile ambayo watu wanaipenda sana. Halafu akaja daktari mpya, kijana wa Bukavu, mpole, anayevaa viatu vyake vizuri hata siku ya matope. Alituketisha kwenye baraza akatuambia kwamba tunawauzia watu maji. Kwamba mama anauza mafuta yake yote ya mawese ili apate chupa ambayo mwili wake haukuiomba, halafu anakosa ya kununulia dawa yenyewe. Tangu siku ile, mgonjwa anayeweza kumeza akawa anameza. Bei ikashuka. Na kwa macho yangu niliona watu wanapona vizuri, tena wanarudi nyumbani bila kuuza godoro.

Unafikiri walitupigia makofi? Walivuka barabara. Upande wa pili kuna dispanseri ya mtu binafsi, nyumba ya mbao, dirisha linaachwa wazi makusudi ili wapita njia waone chupa zinavyoning’inia. Sisi tukabaki na dawa nzuri na mabenchi matupu. Ile prime yetu, nyongeza ya mwisho wa mwezi inayotoka kwenye malipo ya wagonjwa, ikakonda. Mama mmoja ninayenunua mikate kwake aliniambia bila kuficha: “Kwenu iko rahisi sana. Rahisi iko na ugonjwa yake.” Nilimweleza. Nilikuwa naeleza kila siku, asubuhi mpaka jioni, mpaka mate yakauke. Kueleza nako ni kazi, ila hakuna anayeilipa.

Halafu ugonjwa ukaingia nyumbani kwetu. Papa, baba yangu, aliyefanya kazi ya kuandika mizigo bandarini mpaka uzeeni, alianza kuvimba miguu. Viatu vyake vya kanisa vikamkataa. Akawa analala ameketi kwenye kiti, kwa sababu akijinyoosha chali pumzi inakatika. Mdogo wangu wa kike, anayekaa naye, alidhani ni uzee tu. Siku niliyopita kuwasalimia nikasikia anavyohema, sikuketi hata. Nilisimamisha pikipiki, nikampandisha papa nyuma ya dereva, nikapanda nyuma yake kumshikilia, tukaenda moja kwa moja kituoni kwetu.

Daktari alimpima, akanivuta pembeni. Moyo umechoka, alisema. Hausukumi tena kwa nguvu, kwa hiyo maji yamejikusanya miguuni na yamepanda mpaka mapafuni. Dawa ni ya kuyatoa kwa mkojo: sindano ndogo za kuanzia, halafu vidonge vya bei ya chini kabisa. Chumvi, hapana. Serumu, hapana kabisa. Mtu aliyejaa maji ukimwongezea maji, unamzamisha akiwa kitandani. Hayo yote nilikuwa nayajua tangu shuleni. Lakini safari hii alikuwa papa wangu.

Jioni mdogo wangu alileta chakula: lituma ya ndizi za kupondwa na makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye papa akimkosa siku nyingi anamwulizia. Nilirudisha sufuria kama ilivyokuja. Mdogo wangu alilia pale pale kwenye korido, akaondoka bila kuniaga.

Kesho yake akafika papa mudogo, ndugu wa papa wa tumbo moja, kutoka Yanonge. Alikuwa amekuja kwa boti na kikapu cha samaki wa kukaushwa, na feza ambayo ukoo wote wa kule ulikuwa umechanga usiku ule baada ya simu ya mdogo wangu, imefungwa kwenye kitambaa. Akaingia, akaangalia juu.

“Serumu yake iko wapi?”

Nikaeleza. Moyo, maji, mapafu. Alinisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama, mpaka nikadhani ameelewa. Halafu akanyoosha kile kitambaa.

“Bon. Tumesikia. Feza njo hii. Tundika sasa.”

“Papa mudogo, haiko mambo ya feza.”

“Basi iko mambo ya nini? Mutu hapumui. Mie natoka Yanonge, namukuta anameza tu tudawa tudogo, sawa mutu wa kuumwa kichwa. Na weye iko mutoto yake, tena unafanya kazi hapa. Nitawaambia nini watu kule?”

Mdogo wangu, aliyekuwa nyuma yake, akaongeza kwamba hata chakula nimemkatalia papa.

Nilikasirika. Nikamwambia papa mudogo kwamba hao watu wa kule hawatapumua badala ya papa. Hayo si maneno ya kumwambia baba yako mdogo. Alifunga kitambaa chake, akatoka. Wakaketi nje uwanjani, yeye na mdogo wangu na wazee wawili wa kanisa, kikao cha familia ambacho mimi sikuitwa.

Nikabaki na papa. Nilifikiri yeye atakuwa upande wangu, maana ndiye aliyekuwa anahisi yale maji kifuani. Kumbe alikuwa amesikia yote, naye alikuwa na la kwake.

“Mutoto yangu,” alisema, neno, pumzi, neno, pumzi. “Unanikatalia serumu?”

“Papa, itakuua.”

“Ule mama pale iko nayo.” Alionyesha kwa kidevu kitanda cha pili, alikolala mama aliyejifungua kwa taabu. “Watu wanaingia, wanaangalia hapa juu yangu, wanaona haya kwa ajili yangu. Mie njo nilikusomesha.”

Nilijaribu kueleza. Nimewaeleza watu wa Mangobo nzima, lakini kwa papa wangu maneno yalitoka vibaya, ya darasani, makavu. Alingoja nimalize, halafu akageuza uso akaangalia ukuta. Iliniuma. Nimeona vifo vingi katika kazi hii, lakini hakuna siku iliyoniuma kama ile.

Walirudi na uamuzi. Wanamvusha barabara. Mwenye dispanseri alikuwa amekwisha kuwaambia kitanda kipo na chupa iko tayari. Papa mudogo akaanza kukunja mkeka. Nilijua vizuri kitakachofuata: ile chupa wataifungulia mbio ili wageni waone imeisha na nyingine imetundikwa, na kabla ya ile ya pili kufika nusu, papa atakuwa anatoka povu mdomoni. Nikapanda nikaketi pembeni ya kitanda, nikashika chuma chake kwa mikono miwili, nikasema kama wanamtoa papa, waanze kunitoa mimi. Mdogo wangu akanivuta mkono, nami nikamsukuma. Mama wa kitanda cha pili akaanza kuita watu.

Daktari ndiye aliyetutuliza. Hakusema lolote kuhusu moyo. Alimletea papa mudogo kiti, akamuuliza habari za safari, akamuuliza kama mto umejaa kule kwao. Halafu akamwomba, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa familia hapa, atupatie siku moja tu. Kesho papa akiwa bado hawezi kulala chali, wamchukue, na yeye daktari atasaidia kumbeba. Papa mudogo alifikiri, akatazama kitambaa chake, akasema sawa, kwa sababu ameombwa vizuri.

Mchana ule dawa ikafungua njia. Papa akaomba ndoo, akaiomba tena, na tena. Mimi ndiye niliyezibeba kwenda kumwaga, na sijawahi kubeba kitu kwa furaha namna ile. Jioni watu wa kikundi chake cha maombi walikuja wakazunguka kitanda, wakaomba kwa sauti mpaka umeme ukakatika, wakaendelea gizani. Kulipokucha papa alikuwa amelala chali, mto mmoja tu chini ya kichwa, mdomo wazi, anakoroma. Papa mudogo alisimama mlangoni, akamtazama muda mrefu, akasema Mungu ni mkubwa. Nikasema ndiyo, ni mkubwa. Nikachukua ndoo nikaenda kuimwaga.

Papa alibaki kwetu mpaka miguu ikarudi kuwa miguu. Siku ya kutoka, papa mudogo alikwenda kulipa na kile kitambaa, akarudi nacho karibu kama kilivyokuwa, amenuna. Ugonjwa mkubwa namna ile, na kituo kimeomba kitu kidogo hivyo. Aliona kama tumemdharau ndugu yake. Feza iliyobaki ikanunua mbuzi wa shukrani.

Jumapili iliyofuata uwanja wa nyumbani kwa papa ulijaa. Papa alisimama amevaa viatu vyake vya kanisa kushukuru. Alimshukuru Mungu, akawashukuru watu wa maombi kwa jioni ile ya giza, akamshukuru ndugu yake aliyeacha kazi zake Yanonge akaja. Akamshukuru mdogo wangu kwa kumpikia. Akamshukuru hata dereva wa pikipiki. Halafu akasema wako wengine waliomlaza kule bila kumtundikia kitu, kama mtu asiye na watoto, lakini Mungu aliona. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na masufuria, nikimsikiliza. Alisema kwa muda mrefu, sentensi moja inaingia kwenye nyingine, na hakusimama hata mara moja kuvuta pumzi.