Sensa ya Wadudu Saa Sita Mchana

Siku ya kwanza kazini nilipiga viatu kiwi. Nikapewa daftari, kipimajoto chenye kamba, na cheo: Mhesabu Wadudu, Bustani ya Shule. Nilikuwa kidato cha pili. Leo niko cha nne, nastaafu Ijumaa, na nyie mnaoachiwa daftari mjue kazi ilivyokuwaga enzi zetu hapa Temeke.

Mdudu mnamjua: mwekundu, mgongo wa mviringo kama nusu ya punje ya dengu, madoa meusi. Sie tulimwita Madoa. Yeye hula vidukari, vile vidudu vinavyojazana kwenye ncha za kunde na kufyonza utomvu mpaka majani yanajikunja. Kazi yangu ilikuwa kukagua kila shina la tano, kuhesabu Madoa na kuandika joto.

Bosi wangu, Madam wa Baiolojia, alitoa agizo moja tu: "Andika ulichokiona, siyo ninachotaka kukiona."

Sasa naandika nisichoweza kusema kwa mdomo: mie nina aibu sana. Asubuhi bustani hujaa wanafunzi wa zamu ya kumwagilia, na wakiniona tu wanaanza: "Karani wa sensa huyoo! Dada, umemuuliza mdudu ana watoto wangapi?" Basi nikahamishia kazi saa sita mchana, jua la Februari, wenzangu wote wakiwa kivulini wanakula mihogo. Raha! Nikaandika sifuri. Kesho yake sifuri. Wiki mbili sifuri, joto nyuzi thelathini na nne, thelathini na tano.

Sifuri zangu zikafika kwa Mwalimu wa Miradi, mkuu wa bustani, mwenye sauti ya tarumbeta. Alitangaza mstarini, "Karani kasema hakuna mdudu wa kutusaidia. Kesho Jumamosi, tunapiga dawa!"

Ijumaa hiyohiyo nikakumbuka nimesahau kipimajoto bustanini tangu jana. Kabla ya kengele ya masomo nikakikimbilia. Jamani! Madoa walikuwa kila ncha ya kunde! Na vitoto vyao, vyeusi, virefu, kama mamba wadogo wenye alama za rangi ya machungwa, vikitafuna vidukari bila breki. Kipimajoto: nyuzi ishirini na sita. Saa sita nikarudi, nikafukua majani makavu chini ya mashina. Wote wamo, wamejikunyata. Wao wanakimbia jua, mie nakimbia watu, ndiyo maana tulikuwa tunapishana.

Kama nikinyamaza, kesho wanakufa. Nikaingia ofisi ya walimu, nikasimama mbele ya Mwalimu wa Miradi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Sifuri zangu siyo za kweli."

Ofisi nzima ikageuka. Madam akaweka kalamu chini.

"Ulitunga?" akaniuliza.

"Hapana. Nilihesabu mchana, wamejificha kwa sababu ya joto. Asubuhi wanacheka... yaani, watu wananicheka. Naona aibu."

"Kwa hiyo karani kaona aibu, mie nikaue jeshi zima?" Mwalimu wa Miradi akacheka mpaka akafuta macho. "Kesho saa moja, unioneshe."

Jumamosi alikuja na bomba la dawa mgongoni, asiwe amekuja bure. Akachuchumaa. Akakinyooshea kidole kitoto kimoja cheusi. "Na huyu mwenye sura ya mamba?"

"Mtoto wa Madoa, Mwalimu. Mlafi kweli."

"Hawa nimewaua miaka yote, nikijua ndio adui." Akalivua bomba, akalirudisha stoo mwenyewe.

Baada ya hapo niliongezewa vituo vya kuhesabia. Upande wa uzio wa bati, ambako joto hupanda mapema, Madoa walishuka chini kabla ya saa nne. Kwenye kivuli cha mipapai walikaa hadi adhuhuri. Julai, wakati wa kipupwe, niliwakuta juu ya majani saa sita kamili, nikapiga kelele peke yangu!

Ijumaa nakabidhi. Zile sifuri sikuzifuta, pembeni nimeandika, "Saa sita. Sikufukua chini." Nendeni asubuhi, watu wakiwepo. Watawaita makarani wa sensa. Itikeni, halafu mgeuze jani linalofuata.