Asilimia Thelathini na Nne Ukutani

Habari hii siwezi kusema niliificha, maana watu wote ninaotaka wasiijue walikuwepo ukumbini siku ile, na wachache ambao hawakuwepo walisimuliwa kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani. Basi bora niisimulie kwa mdomo wangu, angalau nipunguze chumvi, kwa sababu ile ya mama mkubwa Felista peke yake imeshazidi.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguka, kila kitu kinaingia nchini, mpaka kompyuta za mtumba zikawa zinapangwa mezani hapa Morogoro mjini kama viatu. Mimi nilikuwa na kibanda Kilakala, nachapa barua za watu na kuwarekodia nyimbo kwenye sidii, na Jumamosi napiga muziki kwenye sherehe. Jina langu ni Deo, ila jukwaani nilijiita DJ Radi (nilijipa mwenyewe, hakuna aliyeniita hivyo kabla wala baada). Ndipo mdogo wangu Redempta akapata mchumba, send-off ya kumuaga ikapangwa, na mimi nikaruka mbele ya kamati nikasema hakuna kukodi DJ wa Dar wakati kaka mtu yupo. Rede akanivuta pembeni.

"Kaka Deo, mimi sina shida na wewe. Naomba kitu kimoja tu. Nikikanyaga mlango, wimbo wangu uanze."

Wiki tatu alikuwa anafanya mazoezi na rafiki zake, hatua tatu mbele, mbili nyuma, geuka, tena mbele ya wakwe watakaotoka Bukoba, watu ambao hajawahi kucheza mbele yao. Nikamwambia alale usingizi. Kesho yake nikaenda kununua laptop, ili nipige muziki kisasa.

Muuzaji alikuwa kaka mmoja mtaratibu, Hamisi, akaniwekea mbili mezani, bei moja. "Hii diski yake ni giga arobaini, ila ina kasi, ukiita kitu kinakuja. Hii nyingine ni giga themanini, inabeba sana, lakini nzito. Kwa kazi yako ya muziki chukua hii ndogo, kaka."

Sasa hebu nielewe mimi ni nani. Mama yangu aliuza ndizi na maharage ya Matombo sokoni, na nilichojifunza utotoni ni kushindilia. Gunia kwetu halikujaa mpaka uliongezee kilemba juu, ushone kwa kamba, lisimame lumbesa, hapo ndipo mnunuzi anatabasamu. Mtu aliyekulia hivyo umwambie bei moja, gunia nusu au gunia zima, halafu umshauri achukue nusu? Nikamwambia Hamisi, "Nipe lumbesa." Akanitazama kwa huruma, akanifungia.

Wiki nzima nikawa nashindilia. Nyimbo zote nilizokuwa nazo, kwaya, taarabu, muziki wa zamani wa marehemu baba, picha za shuleni, filamu ambazo sitazitazama, kila kitu, kwa vile nafasi ipo. Kisha (hapa ndipo nastahili bakora) nikaziona sidii zangu katoni mbili zinanijazia kibanda bure, nikampa jirani mwenye bustani, naye akazitundika kwa uzi zimeremete, zifukuze ndege kwenye mchicha. Hazina yangu yote ya muziki ikawa inalinda mboga.

Siku ya send-off nilivaa suti. Kompyuta nikaiunganisha na spika, halafu nikaazima na projekta, nikarusha picha za utotoni za Rede kwenye ukuta mweupe nyuma ya jukwaa, watu wakaguna kwa kupendezwa, nikajiona nimefika. Wakwe wakaitwa waingie. MC Chande, bwana mmoja mnene mwenye maneno, akasema "DJ, twende," nikabonyeza, na laptop ikaanza kutafuta. Ikatafuta. Wakwe wamesimama mlangoni na zawadi zao, Chande akasifia nguo zao, akasifia mkoa wao, akasifia senene, wale panzi wao wa kuliwa, akabaki hana cha kusifia ndipo wimbo ukatoka. Nikafuta jasho, nikasema ni mara moja tu, imezubaa.

Ikafika zamu ya Rede. Kwetu anayemwingiza binti ni mjomba, kwa hiyo mjomba Kolumba alikuwa ameshamshika mkono mlangoni, ametoka kwetu Matombo tangu alfajiri, koti limefungwa vifungo vyote. Chande akaita kwa sauti ile ya kuvuta. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, na tena, nadhani mara tisa, na kila nilipobonyeza nilikuwa naiongezea mzigo, mpaka ikaganda kabisa, na vyote hivyo vinaonekana ukutani mita tatu kwa urefu. Rede akaninyooshea macho kutoka mlangoni. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza, alikuwa bado ananiamini.

Basi nikachomoa waya wa umeme. Betri ya laptop ile ilikuwa pambo tu, ikazima palepale. Nikachomeka, nikawasha, nikijua itaamka na akili mpya. Ikaamka na maandishi meupe kwenye rangi ya buluu, kwamba haikuzimwa vizuri na kwa hiyo sasa inakagua diski, yote, giga themanini zilizoshindiliwa. Asilimia moja. Asilimia mbili. Ukutani, juu ya vichwa vya wakwe.

"Deo," mama mkubwa Felista aliuliza kutoka meza ya mbele, na sauti yake haihitaji kipaza, "hizo namba ni za nini?"

"Ni asilimia, mama mkubwa. Ikifika mia, Rede anaingia."

Chande, ambaye hajawahi kuacha kitu kipite, akaanza kuhesabu kama watu wanaofungua shampeni, "Kumi na mojaaa," ukumbi ukaitikia, "Kumi na mbiliii," na wakwe nao wakashika, hata baba mkwe mzima akawa anapiga meza. Mimi natamani ardhi inimeze na suti yangu. Tukafika thelathini na nne. Tukaitaja. Tukasubiri thelathini na tano. Tukaitaja tena thelathini na nne, kwa unyonge. Mlangoni mjomba alikuwa ameanza kubadilisha mguu, na Rede ameinamisha kichwa, nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua nimemliza mdogo wangu siku yake.

Mama mkubwa akasimama. "Mwali hasubiri mashine," akasema, akachukua dumu tupu la maji chini ya meza ya vinywaji, akalibana mapajani na kulipiga. Wanawake wote wa Matombo wakainuka pamoja, wakaanzisha ule wimbo wa kumtoa mwali ndani, wa Kiluguru, ambao hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kuutafuta. Mjomba Kolumba akafungua vifungo vya koti. Rede akainua uso, na kumbe alikuwa anacheka, machozi yanamtoka kwa kicheko, akasahau hatua tatu mbele mbili nyuma, akaingia akicheza vile alivyofundishwa na bibi, chini kabisa. Wanawake wa Bukoba wakaacha meza zao wakamfuata. Mimi nikaacha mashine nikaenda kupiga sinia kwa kijiko. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa mimi ndiye mkosaji.

Mkasa ungeishia hapo ningeshukuru. Lakini nilikuwa nimeipanga laptop ile, ikiwaka tu, ianze yenyewe na tangazo langu, nililorekodi nikiwa nimeingiza kichwa kwenye ndoo ili sauti ipate mwangwi. Kumbe namba zilikuwa zimeendelea kujikokota, na mia ikafika padri amesimama, ukumbi mzima umeinamisha vichwa, anabariki chakula. Spika zikanguruma, "DJ Radi wa Moro! Hakuna kusubiri!"

Padri akaitazama spika. Akasema, "Amina," na hapo watu walianguka vitini.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Hamisi, nikaiweka laptop mezani, akanibadilishia kwa ile ya arobaini. Tangu hapo nikinunua chochote cha kuwasha nauliza kasi kwanza, na siku ya sherehe natembea na sidii moja mfukoni mwa shati.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye Rede alikuwa hospitali tangu asubuhi, sisi huku nyumbani tunazunguka na simu mikononi, hakuna anayeweza kula. Mchana ukaingia ujumbe wake wa kwanza: "Kaka, 34." Nikacheka peke yangu kwa woga. Jioni ukaja wa pili: "100. Msichana. Mwambie mama mkubwa alete dumu."