Siku Tisa Tukingoja Mtumbwi

Nilikuwa na miaka kama ishirini, na nilikuwa nimeolewa miaka mitatu. Kati ya miaka hiyo mitatu, mume wangu alikaa nyumbani mwaka mmoja tu. Kisha aliandikishwa kazi ya mgodi upande wa Walikale, kule chini ambako msitu unaanza. Hii ilikuwa miaka ya hamsini, wakati Wabelgiji wangali wanatawala, na vijana wengi wa kwetu Masisi walikuwa wanashuka kwenda kazi hizo. Walikuwa wanarudi baada ya mwaka mmoja, na bulangeti mpya na baiskeli. Wangu hakurudi. Mwaka wa pili ulianza, barua zikakatika, halafu mchuuzi mmoja wa mawese akapita kijijini kwetu Burungu akasema amemwona. Alisema yuko mzima, na kuna mwanamke anayempikia.

Mama mkwe alisikia maneno hayo akiwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Alimaliza kuchambua, akafunika kitunga, akaniambia, "Tukimaliza kuvuna, tutashuka. Mimi na wewe."

Sikujibu, kwa sababu katika nyumba ile sikuwa na desturi ya kumjibu. Sikuwa nakula mbele yake wala kumtazama usoni akisema. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa, na alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai. Nilimheshimu, na kusema kweli nilimwogopa.

Tulipata karatasi ya ruhusa ya kusafiri kwa chifu, tukafunga maharage, viazi vitamu, chumvi, sufuria moja na bulangeti mbili, tukaanza kutembea. Mchuuzi yule wa mawese alitangulia, na mama mkwe alimtuma amwambie mwanawe kwamba tunakuja. Siku mbili za kwanza zilikuwa za milima, baridi na ng'ombe. Kisha njia ikaanza kuteremka na joto likapanda. Siku ya tano tulifika kwenye mto Lowa, mahali ambapo njia ya mgodi inaacha barabara kubwa na kuvuka maji.

Mito yetu ya Masisi inapiga kelele. Inaruka juu ya mawe na unaisikia kabla ya kuiona. Mto huu tuliukuta ghafla, umenyamaza kati ya miti, mpana, rangi ya chai iliyokolea. Mama mkwe aliutazama muda mrefu.

"Maji inayonyamaza hivi," alisema, "inafikiri nini?"

Hapakuwa na mtumbwi. Palikuwa na nyumba moja ya mvushaji na mke wake, na nyuma ya nyumba kulikuwa na gogo kubwa lililochongwa nusu. Mvushaji alitueleza kwamba mafuriko ya wiki iliyopita yalileta mti mzima ukagonga mtumbwi wake na kuupasua.

"Munipe siku munane ao tisa," alisema, akionyesha lile gogo. "Pirogi mupya njo ile pale. Kama munaharakisha, kivuko kingine iko mwendo wa siku tatu, na njia yake imejaa maji."

Basi tulibaki. Mke wa mvushaji alituonyesha mahali pa juu kidogo, pasipofika maji, akatusaidia kusimamisha kibanda cha fito na kukiezeka kwa mangongo, yale majani mapana wanayofungia chakula. Kilikuwa kibanda kidogo sana. Ndani yake palienea watu wawili wakilala ubavu kwa ubavu, basi. Mama mkwe aliingia, akatoka, akasema, "Utakula mbele yangu sasa. Hakuna mahali pengine."

Nilikula nimempa mgongo. Siku ya pili alinigeuza kwa bega. "Nimechoka kuona mugongo yako," alisema. Ndivyo desturi ile ilivyokwisha.

Mke wa mvushaji alitufundisha maisha ya pale. Alitupeleka kwenye kijito kinachoingia mtoni, tukakiziba kwa udongo na magogo, tukayachota maji yaliyobaki kwa vikapu mpaka samaki wakaanza kurukaruka kwenye matope. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kushika samaki aliye hai, aliwashika kama mtu anayeokota makaa. Tulicheka sana siku ile. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka namna hiyo.

Siku ya nne asubuhi ukungu ulipoondoka, tuliona watu wawili wamesimama ng'ambo. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye koti jeusi. Nilimjua kwa mabega yake. Wa pili alikuwa mwanamke, ana kitunga mgongoni.

Nilikaa chini.

Mama mkwe alishuka mpaka majini. Kwetu watu wanaitana mlima kwa mlima, mtu wa Burungu hashindwi na upana wa mto. Alimwita mwanawe kwa sauti iliyorusha ndege.

"Mama!" yule mtu alijibu. "Niko hapa!" Akainua mkono akapunga.

Ulikuwa mkono wa kushoto. Mwingine aliuweka ndani ya koti.

"Unanisalimia na mukono ya kushoto?" mama mkwe alipaza. "Mimi mama yako?"

Mwanawe akabadili maneno. Aliuliza habari za nyumbani, za ng'ombe wetu mmoja, za ukoo. Mama mkwe alimjibu yote, moja moja, kisha akauliza, "Na uyo mama iko nani?"

Mvushaji aliacha kuchonga.

"Njo alinipikia wakati nilikuwa mugonjwa!"

"Mugonjwa ya nini?"

"Nilipona, Mama!"

Hayo ndiyo tuliyopata siku ile. Yeye na yule mwanamke walijenga vibanda upande wa pili. Vilikuwa vibanda viwili, nilivihesabu, na nilivitazama mara nyingi kuliko ilivyofaa. Kulikuwa na moshi wa moto mmoja. Niliwaona wakila. Niliona yule mwanamke akimkatia kitu, akamwekea karibu, na moyo wangu ukawa mzito kama bulangeti iliyolowa maji.

Mama mkwe alipiga kelele mchana kutwa, akimwuliza kwa nini haandiki, kwa nini harudi, kama amesahau kaburi la baba yake. Majibu yalikuwa mafupi. Asubuhi iliyofuata aliamka hana sauti. Alifungua kinywa, hewa tu ikatoka. Ukungu wa mto na kelele za jana vilikuwa vimemnyang'anya.

Alinivuta mpaka ukingoni, akaninong'oneza sikioni, "Sema wewe."

Sikuwa nimewahi kupaza sauti mbele yake. Niliita mara ya kwanza, hata mimi sikujisikia. Mara ya pili mume wangu alitoka kibandani akaja majini. Alipojua kwamba ni mimi ninayeita, alisimama kama aliyepigwa.

Mama mkwe alininong'oneza, "Mwambie, kama alioa huko, mimi siko tena mama yake. Asije hata kunizika."

Nilipaza, "Mama anauliza kama unakula vizuri!"

Alinifinya mkononi. Koo lake lilikufa lakini masikio yalikuwa mazima.

"Ninakula!" mume wangu alijibu.

Mama mkwe akaninong'oneza tena, "Mwambie iko na roho ya jiwe."

"Mama anasema maharage yalizaa vizuri mwaka huu!"

Safari hii hakunifinya. Alinitazama usoni, nami nikamtazama. Alikuwa na machozi, na nusu yake ilikuwa kicheko. Akaniambia polepole, ili nisikie kila neno, "Sasa uliza yako. Yako mwenyewe."

Niliyokuwa nayo yalikuwa mengi. Nilikuwa nimeyapanga usiku mwingi huko Burungu, maneno makali na maneno ya kuomba. Pale majini lilitoka moja tu.

"Ulituacha?"

Alitazama chini. Mwishowe alitoa mkono wa kulia ndani ya koti akauinua juu ya kichwa. Kwa umbali ule sikuelewa. Nilidhani ameshika kitu, kwa sababu mkono ulikuwa mfupi na mnene, umezungushiwa kitambaa.

Ndipo yule mwanamke akaja akasimama karibu naye, akapaza sauti. Alikuwa na sauti nzuri, iliyozoea mto.

"Mama! Dada! Musikie! Jiwe ya mugodi ilivunja mukono yake! Vidole mbili njo vilibakia! Iko na haya, hawezi kushika jembe, anaogopa kurudia mama yake na mukono kama ile! Mimi nilimuambia arudie! Nimechoka kumuambia!"

Mvushaji na mke wake walisikia. Ndege walisikia. Mama mkwe alikaa chini matopeni, akavua kitambaa cha kichwa, akakiweka usoni. Nilipaza kitu kimoja tu, nacho hakikuwa cha busara.

"Vidole gani?"

"Kidole gumba na kinachofuata!" mume wangu alijibu.

"Basi unaweza kushika kijiko!" nilisema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lakini nilisikia akicheka ng'ambo ile, kicheko chake cha zamani, na mama mkwe akainua uso kutoka kitambaani.

Tangu siku hiyo hatukukaa kungoja. Tulikwenda kwa mvushaji tukamwambia atupe kazi. Alikuwa anachimba gogo kwa tezo, na sisi tukawa tunatoa vibanzi, tunakusanya kuni, tunawasha moto mdogo ndani ya mtumbwi ili mti ulainike na kupanuka. Mama mkwe alipiga magoti ndani ya gogo lile akikwangua, mama wa milimani asiyejua hata kuoga mtoni. Mvushaji alimwambia apumzike. Alitikisa kichwa, kwa kuwa sauti ilikuwa haijarudi. Jioni mikono yake ilikuwa nyeusi kwa masizi mpaka kwenye viwiko, na nilimwoshea.

Ng'ambo mume wangu alikaa juu ya jiwe akitutazama tukifanya kazi. Kila asubuhi tuliulizana hali. Maneno yetu yalikuwa ya kawaida, maana kila mtu anayasikia. Nilimweleza nani alizaa, nani alihamia Mweso kutafuta kazi, paa la jiko lilivyovuja. Yeye alinieleza kwamba kule kuna nyoka wengi.

Siku ya tisa tuliusukuma mtumbwi majini, sote wanne. Uliyumba kidogo, ukatulia. Mvushaji alituambia tupande. Mama mkwe alitia mguu mmoja, mtumbwi ukasogea, akautoa. Alijaribu mara tatu. Mwishowe alinong'ona, "Milima inanitosha. Umulete yeye."

Nilipanda peke yangu na mvushaji. Nilishika pande zote mbili na sikutazama maji. Tulipogusa ukingo, mume wangu alikuwa ameingia majini mpaka magotini. Alinipa mkono wa kushoto anishukishe. Mimi nilinyosha mkono kuchukua ule wa kulia. Kitambaa kilikuwa kimeondolewa. Makovu yalikuwa bado mekundu, ngozi imevutika, na vidole viwili vilivyobaki vilikuwa vigumu. Niliviminya, navyo vikaminya kidogo.

"Inauma?" nilimwuliza.

"Wakati wa baridi."

Yule mwanamke alikuwa amefunga kitunga chake tayari. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mjane wa mfanyakazi wa mgodini. Tulisalimiana. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nilisema, "Aksanti, dada." Alisema si kitu. Alinipa samaki wa kukaushwa na chupa ya mawese, na mimi nilikuwa nimevuka na maharage yetu yote yaliyobaki, nikampa. Halafu aliondoka kwa njia ya msituni, haraka, bila kugeuka.

Tulipokuwa tunavuka kurudi, mume wangu aliniambia bila kuulizwa, "Aliniomba nibakie kwake. Nilikuwa karibu kukubali."

Nilitazama kasia la mvushaji likiingia na kutoka majini. Lilikuwa jambo gumu kusikia, lakini alikuwa amelisema mwenyewe, mchana, mbele ya mtu mwingine. Nilimwambia, "Mama yako anakungojea. Hana sauti. Usimsemeshe sana."

Mama mkwe alimpokea majini. Hakuweza kusema lolote, na labda ilikuwa heri. Aliuchukua ule mkono, akaugeuzageuza kama anavyokagua kiazi alichokichimba, akaupapasa kovu kwa kovu. Kisha aliuweka shavuni pake na kukaa hivyo muda mrefu, mpaka mke wa mvushaji akaja kutuambia chakula kiko tayari.

Tuliondoka kesho yake. Safari ya kupanda ilikuwa polepole, maana mama mkwe alikuwa na homa kidogo na mume wangu hakuwa amezoea tena milima. Alibeba mzigo kwa kamba ya kichwani kama sisi wanawake, na watu tuliokutana nao njiani walimcheka. Yeye hakujali. Siku ya tatu tulipumzika mahali ambapo baridi inaanza, msitu ukiwa chini yetu. Aliniuliza maharage niliyopanda msimu ule yalikuwa yale yanayotambaa juu ya fito au yale mafupi. Nilimwambia yale ya fito, kwenye shamba la juu. Aliuliza fito nilizipata wapi. Nilimweleza. Aliuliza kama nilikata mikaratusi ya jirani, nikakiri kwamba nilikata miwili. Tuliongea hivyo mpaka jua likageuka, kwa sauti ya chini, mama mkwe akiwa amelala kando na kitambaa usoni.