Mkanda wa Pampu na Mechi Moja Tu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipotumwa mkanda wa injini. Kazi ndogo, mwanangu. Mtoto wa darasa la sita angeifanya na kurudi akipiga mluzi. Mimi nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nikaiharibu.

Nilikuwa nimesomea sosholojia. Kwa miaka minne nilisoma jinsi watu wanavyoishi pamoja, kisha nikarudi nyumbani na kushindwa kuishi na watu watatu. Barua za kuomba kazi niliziandika mpaka mkono ukaziandika wenyewe, majibu sikuyaona. Mwishowe mama akanipeleka kwa kaka yake, nje kidogo ya Kitengela, nikamsaidie kuchunga ng'ombe. Nilimwita Apu, naye akaniita Apu, kwa maana kwetu Wamaasai mjomba na mpwa huitana kwa neno hilo moja.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekosa mara mbili. Ng'ombe walikunywa siku moja, wakakaa siku mbili bila maji, na siku ya tatu ikawa zamu yao tena kwenye kisima cha pampu ambacho majirani walikichimba kwa mchango. Asubuhi ya zamu yetu, mkanda wa injini ukakatika. Apu alinikabidhi kipande kilichokatika, nisije nikanunua wa saizi nyingine.

"Enda Kitengela, Apu," akasema. "Saa sita uwe hapa. Hii ng'ombe haiwezi ngoja."

Saa nne nilikuwa nimeshanunua mkanda. Lakini ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la vipuri, kulikuwa na kibanda cha gemu cha Mutua, Mkamba mcheshi aliyekuwa na televisheni tatu na mabenchi mawili. Nilikuwa mteja wake mkubwa. Nilitafuta kila sababu ya kuja mjini: chumvi, dawa ya kupe, betri za redio ambayo haikuwa imezimika. Mechi moja tu, nikajiambia.

Sitakudanganya, mwanangu, kwamba gemu ni shetani mwenye pembe. Mwanzoni ilikuwa tamu kweli. Ndani ya kibanda kile nilikuwa kocha na mshambuliaji kwa wakati mmoja. Nikiharibu, nilibonyeza kitufe mchezo ukaanza upya. Vijana waliniita Prof, na hakuna aliyeniuliza kama nimepata kazi. Kwa saa moja kichwa kilinyamaza, na mtu ambaye kichwa chake hakinyamazi anajua hiyo ni zawadi kubwa kiasi gani.

Lakini kufikia siku ile utamu ulikuwa umeisha kitambo. Nilishinda, sikufurahi. Nilishindwa, sikuudhika. Nilicheza kama mtu anayejikuna mahali pasipowasha.

"Prof, siku hizi mshipi unavaliwa begani?" Mutua akauliza, akiutazama ule mkanda.

"Ni wa pampu. Natoka saa hii."

"Ulisema hivyo huyu msee akienda kula. Ameenda, amekula, amerudi, ameshiba." Wenzangu wakacheka. Mutua hakucheka. "Buda, wewe huchezi. Mtu akicheza anapiga kelele. Wewe unakaa hapo kama mtu ako matanga."

Nikamwambia aanzishe nyingine.

Nilipotoka, kivuli cha duka la vipuri kilikuwa kimevuka barabara. Nikadandia lori la mchanga, na njia nzima nikatunga uongo: duka lilifungwa, saizi ilikosekana, nilishikwa na askari. Msomi hakosi maelezo.

Nilifika karibu saa kumi na moja. Ng'ombe walikuwa wamezingira birika kavu, vichwa ndani, wakilamba simenti. Kando yao kulikuwa na ng'ombe wa majirani wawili, ambao zamu yao ilisubiri yetu iishe. Wenye ng'ombe walikuwa wamekaa chini, wamejifunika shuka. Hakuna aliyenigombeza. Ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye mimba, aliyeitwa Nanyokie, alikuwa ameanguka ubavu.

Apu alifunga mkanda mwenyewe. Injini ikakohoa, maji yakaja. Nanyokie hakuweza kusimama aende kunywa. Tulimpelekea kwa ndoo.

Kisha nikaenda mbele ya mjomba na kuinamisha kichwa, kama kijana anavyomwinamia mzee ili aguswe na kusalimiwa. Nilidhani atageuka aende zake. Aliweka kiganja utosini pangu, akakiacha hapo.

"Ulikuwa wapi, Apu?"

Uongo wote niliotunga kwenye lori ukanitoka kichwani. "Kwa gemu."

"Gemu ndio nini?"

"Ni mpira. Ya televisheni."

"Mimi sijui hiyo mpira. Nauliza ile kitu unatoroka. Tangu ukuje hapa hulali. Chakula unasukuma na kidole. Mimi nilidhani ni kusoma sana."

Nililia, mwanangu, mtu mzima mwenye shahada, mbele ya wazee na ng'ombe wao. Nikamwambia kwamba asubuhi naamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Kwamba naona haya kuwa hai nikiwa mzigo. Kwamba nikiwa kwa Mutua sihisi kitu, na kutohisi kitu ndilo jambo zuri pekee lililokuwa limebaki.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Apu?"

"Si hiyo umesema sasa."

Ng'ombe akianguka kwa udhaifu wa kiangazi hajiinui. Watu humwinua kila asubuhi, mmoja akishika mkia, mmoja pembe, wawili wakivuta gunia lililopitishwa chini ya tumbo. Kesho yake, majirani wale wale ambao ng'ombe wao niliwatesa kwa kiu walikuja kutusaidia kumwinua Nanyokie. Tukamwinua asubuhi nane. Ya tisa alisimama, miguu ikatetemeka, akalala tena. Alikufa na ndama wake tumboni.

Apu hakunitukana. Angenitukana ningepumzika. Wiki iliyofuata alinipeleka Kajiado hospitalini, kwa tabibu mmoja mama aliyeniuliza habari za usingizi na za kula, na za mawazo ambayo sikuwa nimemtajia mtu. Akaniambia kwamba nilichonacho ni ugonjwa, una jina na una matibabu. Mjomba alikaa nje kwenye benchi akisalimia kila aliyepita. Tulirudi kwa huyo mama mara nyingi. Sikupona siku moja, na zipo siku hadi leo ninapoamka nikiwa na ule uchovu wa zamani, nikauchukua kama mtu anavyochukua goti linalouma.

Na kwa Mutua nilirudi pia, miezi baadaye, na siku hiyo sikuwa nimetumwa popote. Nilicheza mechi mbili, nikafungwa zote, nikapiga kelele mpaka nikaambiwa nitulie. Gemu ilikuwa ile ile.

Basi sikiliza, mwanangu, nami nimechoka kurembesha maneno. Cheza. Lakini ukiona unacheza bila kufurahi, unadanganya watu wa nyumbani kuhusu saa, chakula hakiliki na usingizi hauji, usianze kwa kugombana na gemu. Jiulize unatoroka nini, na ukishajua, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Usingoje upate maneno mazuri, mabaya yanatosha. Nenda hospitali kama unavyoenda kwa malaria. Na wewe uliye mzazi, usikimbilie kuzima televisheni. Kaa naye kwanza, umuulize kama Apu alivyoniuliza, kisha ungoje jibu hata likichelewa.

Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukaua ng'ombe wa mtu aliyenipenda. Wewe sema mapema.

Mungu akupe usingizi wa kweli na hamu ya kula. Akupe watu wenye mikono, wasiokuonea haya siku uliyolala chini. Na asubuhi zako, hata zile nzito, zikukute ungali hapa.